Anayekucheka ndo huyo huyo atakayekuvuta: maneno yangu kwa watu wa Landi na watu wa Kruza

(Haya niliyaongea Arusha mbele ya madereva wa magari ya porini, jioni ya kuamkia msafara wa Ziwa Natron. Wengi mmeniomba niyaandike, nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni, msinisahihishie Kiswahili.)

Wazee wangu shikamooni. Vijana mambo vipi. Mama zetu mlioshinda jikoni tangu asubuhi, ahsanteni sana, nyama tumeiona na pilau tumeisikia harufu, sitawachelewesha watu.

MC kaniambia nina dakika 20 na kaniambia niongelee usalama barabarani. Nikamwangalia. Nikamuuliza, hawa watu kesho wanakwenda Ngare Sero kule Natron, barabara utakuwa umeiacha wapi? Akacheka akasema basi ongea unachotaka. Sasa ninachotaka kuongea ni huu ugomvi wetu, Landi na Kruza, yaani wenye Land Rover na wenye Land Cruiser, kwa sababu tangu saa nane mchana nimekaa pale chini ya mti nasikiliza mnavyotukanana na kwa kweli nimefurahi, ila kuna mambo mawili matatu lazima tuyaweke sawa kabla hatujawasha injini kesho.

La kwanza, nyie ni ndugu. Msinune, subirini. Mwaka 1947 kule Uingereza kulikuwa na bwana mmoja anaitwa Maurice Wilks, mkubwa wa ufundi wa kampuni ya Rover, alikuwa na shamba lake kisiwa cha Anglesey na pale shambani alikuwa anatumia Jeep ya Wamarekani iliyobaki vitani. Jeep imechoka, spea shida, akaona kwanini tusitengeneze ya kwetu, na inasemekana akauchora mchoro wa kwanza kwenye mchanga wa ufukweni. Gari la kwanza la majaribio likajengwa juu ya chesisi ya Jeep, na usukani wakauweka katikati kama trekta. Aprili 1948 wakalionyesha Amsterdam. Bodi wakaipiga aluminiamu kwa sababu vita ilikuwa imeacha chuma cha shida, sio kwamba walikuwa wanawaza habari ya kutu miaka 70 mbele kama mnavyotuhadithia nyie watu wa Landi.

Haya, nenda Japani. 1950 vita ya Korea imeanza, Wamarekani wanataka magari ya karibu, 1951 Toyota wakatoa la kwao na wakaliita, sikilizeni vizuri, wakaliita Toyota Jeep BJ. Mwaka huo huo dereva wao wa majaribio akalipandisha Mlima Fuji mpaka kituo cha sita, hakuna gari lililokuwa limewahi kufika pale. Lakini Jeep lilikuwa jina la watu, halikukaa. 1954 injinia wao, Hanji Umehara, akatafuta jina lingine, na aliitafuta kwa kuangalia Waingereza wana Land Rover na yeye akataka jina ambalo halitasimama chini ya lile. Ndo ikaja Land Cruiser.

Kwahiyo Landi imetoka kwenye Jeep, Kruza imetoka kwenye Jeep. Bibi yenu ni mmoja. Na jina la Kruza lenyewe limezaliwa kwa sababu ya Landi, mtu wa Kruza ukiona Landi inapita ulitakiwa uishikie kofia. (Hapa upande wa kushoto walipiga honi, nikasubiri.)

Sasa hapa kwetu. Wazee humu ndani mnakumbuka, zamani gari la serikali lilikuwa Landi tu. Mkuu wa wilaya Landi, bwana shamba Landi, padri Landi, polisi Landi, na ikija Landi kijijini watoto wanakimbia, wengine kuifuata na wengine kujificha wakidhani wamekuja kuchanjwa. Jirani zetu Wakenya walikuwa wanaziunganisha pale Thika, kiwanda cha Leyland Kenya, kuanzia 1976. Mpaka leo ukifika Maralal zile Landi za zamani bado zinabeba abiria, mbuzi, magunia na mgonjwa juu ya magunia, safari moja. Hio heshima hakuna wa kuiondoa.

Halafu akaja huyu mwingine. 1984 Toyota wakatoa Kruza ya series 70, na 1990 ikaja ile injini ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita, dizeli isiyo na tabo, isiyo na kompyuta, isiyo na maneno mengi. Ndo ikamaliza kesi. Mashirika yakahamia, hospitali zikahamia, watu wa utalii wakahamia, mafundi wa hapa Arusha wakajifunza kuikata chesisi na kuirefusha na kuinua paa ili mzungu asimame apige picha simba. Leo kaa pale geti la Lodoare kwa asubuhi moja tu uangalie kinachoingia Ngorongoro, ni Kruza, Kruza, Kruza, Kruza, halafu inakuja Landi moja dereva wake kavaa kofia kubwa na miwani anapunga mkono kama mbunge.

Mimi nimeendesha zote na nimelala chini ya zote, kwahiyo msinitafutie upande. Nikisema ukweli wa Landi, ni kwamba ile Defender ya zamani inakaa vizuri kwenye mawe kuliko gari lolote nililowahi kushika, zile koili springi zinaacha kila mguu uhangaike kivyake na gari linabaki limetulia, na bodi hata ikikwaruzwa unaigonga na nyundo unaendelea. Lakini inavuja. Wenyewe mnasema Landi ikiacha kuvuja oili ujue oili imeisha, mnasema mnacheka, mimi nikilala chini yake inanidondokea jichoni mnaona ni utani mzuri. Na shafti za nyuma za zile Series, Landi za mwanzo kabisa, jamani, ukipanda mlima na mzigo halafu klachi ukaiachia kwa hasira unasikia ko! na gari linabaki linaunguruma tu palepale.

Na nyie wa Kruza msicheke sana. 1HZ haifi, sawa, lakini pia haiendi. Ukiwa na abiria saba na mabegi unapanda kutoka Mto wa Mbu unaelekea Karatu, lori la viazi linakupita na tanboi anakusalimia. Na zile za V8, tangu 2007 wameongeza upana wa mbele kuweka ile injini halafu nyuma wakaacha vilevile, kwahiyo kwenye mchanga matairi ya nyuma hayafuati njia ya mbele, yanachimba njia yao wenyewe. Gari la bei ile lina miguu ya nyuma isiyokubaliana na ya mbele. Mngekuwa ni Landi ndo ina hio kasoro tungeisikia kila siku.

Lakini mnajua kinachonichekesha zaidi? Ni kwamba mkikwama, wote mnakwama kwa sababu moja, na wala sio gari.

Niwaambie ninachokiona kila masika. Anakuja mtu na Kruza hardtop ya series 70, kaingia kwenye mfinyanzi mweusi, ule udongo unaojaza tairi mpaka tairi linakuwa jeupe, samahani, jeusi, laini kama chupa. Anavuta gia ya four, ile ya kuvuta miguu yote minne, taa ya kijani inawaka kwenye dashibodi, anakanyaga, nyuma yanazunguka, mbele yamesimama kabisa. Anakanyaga tena. Matope yanaruka mpaka juu ya carrier. Anashuka anasema gari bovu, fundi kamuibia. Unamuuliza taratibu kaka, umefunga habu? Kimya. Zile habu za mbele za kufunga kwa mkono, zinazounganisha tairi na shafti, unashuka, unainama, unazungusha kutoka FREE kwenda LOCK, kushoto na kulia, dakika moja. Lakini sasa habu zenyewe zipo chini ya matope sentimita 30, na yeye kavaa raba nyeupe. Basi hapo mtu wa Landi amekaa kwenye boneti yake anakula embe, anasema sisi kwetu four ni masaa yote.

Ni kweli, Defender inavuta miguu yote minne masaa yote. Wiki ijayo unamkuta huyo huyo wa embe kwenye korongo, mguu mmoja wa mbele unaning'inia hewani unazunguka kama feni, na gari haliendi popote, kwa sababu ile difu ya katikati, inayogawa nguvu mbele na nyuma, hajaifunga. Kile kijiti kifupi, unakisukuma kushoto, taa inawaka, gari linatoka. Basi. Kijiti kimekaa pale pembeni ya goti lake tangu anunue gari, yeye anadhani ni cha kutundikia rozari. Na hapo sasa wa Kruza ndo anashusha kiti anatoa chai.

Ndo maana nasema kesho asubuhi kabla hatujaacha lami, kila mtu anashuka, wa Kruza anafunga habu, wa Landi ananionyesha taa ya difu, na kila mtu anapunguza upepo. Wenye aibu ya kupunguza upepo ndo nyie mnaotuchelewesha. Kwenye ule mchanga wa Engaruka kwenda mbele shusha upepo mpaka psi 18 au 20, usiogope, tairi linatandazika chini linashika eneo kubwa, gari linaelea badala ya kuchimba. Ukirudi kwenye ngumu unajaza. Asiye na pampu asijifanye anayo, aseme sasa hivi.

Sasa narudi kwenye utani, maana ndo nilichokuja nacho.

Sisi ni watu wa utani. Mchaga na Mpare, Msukuma na Mzaramo, Mngoni na Mhehe, hayo tumezaliwa tumeyakuta. Na kila mtu hapa anajua, mtani anaweza kukwambia chochote, anaweza akaja kwenye msiba wako akalala pale jeneza lilipotakiwa kupita akadai hela ndo apishe, na hakuna wa kukasirika. Lakini mtani huyo huyo ndo aliyefika wa kwanza, ndo aliyeshika jembe kaburini, ndo aliyekata kuni. Hana ruhusa ya kukucheka halafu akaenda nyumbani kwake kulala. Ukiona mtu anakucheka na hashiki jembe, huyo sio mtani, huyo anakucheka tu.

Basi na huu wa Landi na Kruza ni hivyo hivyo au uishe. Mimi kwenye msafara ninaouongoza mambo ni haya, na nimeyasema miaka yote. Ukimkuta mwenzako kanasa, simu inakaa mfukoni mpaka kamba ifungwe. Hakuna kupiga video mtu yupo kwenye matope mpaka kiunoni na mkewe anakuangalia. Ukishamvuta, akishatoka, hapo sasa piga, imba, mwite jina lolote, posti popote, una haki yako na yeye lazima acheke. Na hakuna hela. Soda sawa. Mtu wa Kruza akivutwa na Landi soda ni kreti, hio ipo tangu zamani sikuianzisha mimi.

Na pale penye hatari utani unasimama. Hapa naomba mnisikilize hata nyie mlioko kwenye nyama.

Yale makorongo ya kule chini, mnayajua. Unayakuta makavu, mchanga mweupe, mtoto anachunga mbuzi humo ndani. Hapo ulipo jua linawaka. Lakini juu kwenye milima ya Ngorongoro mvua imepiga saa mbili zilizopita na wewe hujui, maji yanakuja mekundu yamebeba miti. Sasa mpo gari sita mmesimama ukingoni, na ndo anatokea mmoja nyuma anasema, aah hii si Kruza hii, au mnaogopa? Au yule mwingine, Landi ingeshavuka zamani. Hapo hapo. Hayo maneno mawili ndo yanaua watu, sio maji. Maji yamekaa pale wazi kila mtu anayaona. Mtu anaingia mtoni na watoto ndani ya gari kwa sababu kaambiwa gari lake la kike.

Defender ya zamani kiwandani waliiandikia nusu mita ya maji, basi. Hii mpya wanasema sentimita 900, samahani milimita, sentimita 90, na mwenye nayo ameshaanza kutabasamu pale. Kaka, hizo 90 ni za maji yaliyotulia. Maji yanayokimbia, yakifika sentimita 60 tu yanabeba gari kubwa, haijalishi mkonga, lile bomba la kuvutia hewa, umefika paa, mkonga unaokoa injini, haushikilii gari. Kwahiyo tunashuka, tunasubiri. Makorongo yale yanashuka kwa masaa, pika chai. Na kama yametulia, mtu mmoja anatembea kwa miguu na fimbo kabla ya gari lolote, na asipoweza kusimama vizuri mwenyewe, hakuna gari litakalopita. Atakayemdhihaki anayesubiri, mimi ntampa kazi ya kuosha masufuria mpaka turudi Arusha, na hata kama ni mheshimiwa ataosha.

La pili la hatari ni kamba. Kamba haifungwi kwenye ile bolu ya kuvutia trela. Haifungwi. Ile bolu ikikatika inaruka kama risasi na imeshaua madereva wazuri. Kamba inafungwa kwenye chesisi, kwa ile D ya chuma iliyo nzima, na katikati ya kamba au waya wa winchi unatupia turubai au koti zito ili ikikatika isirushe. Watu wote wanarudi nyuma umbali wa kamba yenyewe na nusu yake tena. Na watoto wanaotokea kila mahali tukisimama, mnajua, hata porini kabisa wanatokea, mtu mmoja kazi yake ni hao watoto tu.

Basi hayo yameisha, tunaweza kuendelea kutukanana.

Kuna watu mnaniuliza mbona sisi hatuna mambo makubwa kama wenzetu. Kwanza tunayo. 1991 yale mashindano ya magari ya Camel Trophy yalipita hapa hapa, Tanzania mpaka Burundi, na Landi zao za njano, Waturuki wakachukua kombe, mpaka leo sielewi Mturuki matope yetu aliyajulia wapi. Na Oktoba 2024 hapa Arusha mliona wenyewe, Landi zilivyojaa mji, kila mwenye Landi ya babu iliyokuwa imekaliwa na kuku aliifukuza kuku akaipiga rangi akaja, shabaha ilikuwa rekodi ya Wajerumani ya 2018, Landi 632 kwenye mstari mmoja. Wakenya wakaona haiwezekani, Desemba hiyo hiyo na wao wakazijaza Nakuru. Ndo utani wenyewe huo, nchi na nchi, na mafundi wa rangi pande zote mbili wakajenga. Watu wa Kruza mlikuwa wapi? Mlikuwa pembeni mnavuta zilizozimika, sawa, hio nimeiona na nawashukuru.

Wakenya lakini wana kitu kimoja nakionea wivu, yale mashindano ya Rhino Charge. Imeanza 1989. Wanapewa vituo 13 porini na masaa kumi, na mshindi sio wa kasi, mshindi ni aliyevifikia vyote kwa umbali mfupi, yaani anayekata moja kwa moja kwenye korongo na mawe wakati mwenzake anazunguka. Kuna mtu anakimbia mbele ya gari kwa miguu anatafuta njia. Na pesa wanazochangisha zinakwenda kwa shirika la uhifadhi la Rhino Ark, ndo walizojengea uzio kuzunguka msitu wa Aberdare, karibu kilomita 400, ukaisha 2009. Pale uwanjani utakuta Landi, Kruza, Nissan, na vitu vingine vimechomelewa hata mama yake havimjui. Na sisi hapa tuna milima, tuna mawe, tuna misitu inayolia. Kamati mmesikia, sisemi zaidi.

Kabla sijakaa, kuna kesi imeletwa mezani kwangu mchana na nimeahidi kuihukumu. Ndugu yetu mmoja, simtaji, ana Landi 110 nzuri sana ya kijani, na leo kafungua boneti kuongeza maji watu wakaona ndani kuna 1HZ. Wa Landi wanasema huyo ni msaliti asikae upande wao. Wa Kruza wanasema bodi ile hawaitaki hata kwa dawa, lakini injini ni mtoto wao. Nimefikiri. Kwanza sio yeye peke yake, mkianza kufungua maboneti humu ndani nusu ya Landi zitaumbuka, kaeni kimya. Pili, huyo ndo gari lake halivuji na pia linakaa kwenye mawe, ila kupanda mlima hatupandi naye haraka. Hukumu yangu, atalipa soda pande zote mbili akivutwa, na akivuta atalipwa na pande zote mbili.

Kesho saa kumi na moja na nusu tunawasha. Mpangilio: Landi mbili mbele kwa sababu wanajua mawe, katikati Kruza zenye chakula na familia, daktari gari la nne, lile la winchi kubwa linakaa la mwisho kabisa na halimpiti mtu hata iweje. Kila gari linaangalia la nyuma yake kwenye kioo, usipoliona unasimama, sio unapunguza, unasimama. Huyo wa 110 ya kijani atakaa mpakani, Landi mbele yake Kruza nyuma yake, apate shida pande zote. Mafuta jazeni leo, Mto wa Mbu tukifika hatupangi foleni. MC, dakika zangu zimeisha, wapakue pilau.